Kompyuta ya kudarizi iliyokosa Wi-Fi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Moshi

Karakana iko Majengo, Moshi, nyuma ya duka la sare za shule. Kuna cherehani za kawaida, kuna mashine za kufuma sweta, na kuna mashine moja kubwa ya kudarizi nembo inayopokea michoro yake kutoka kwenye kompyuta mpakato ya zamani: Dell Latitude D610, modeli ya mwaka 2005, yenye Windows XP. Mwezi Novemba kampuni ya intaneti ilibadilisha ruta ya dukani. Tangu siku hiyo kompyuta ya kudarizi ikaacha kusoma Wi-Fi. Simu zote zilisoma, kompyuta ya binti wa mwenye karakana ilisoma, ile ya kudarizi peke yake ikabaki nje.

Mafundi wawili walikuwa wameiona kabla yangu. Wa kwanza alisema kadi ya Wi-Fi imekufa. Wa pili alihangaika nayo sana, kisha akatoa ushauri wa namna mbili: kompyuta ibadilishwe, au ruta iondolewe nywila kabisa ili mashine kongwe nayo ipite. Nilipoitwa mimi, Desemba ilikuwa imeshaingia. Anayeijua Moshi anajua maana yake. Mji umejaa watu waliorudi nyumbani kwa Krismasi, shule zinafunguliwa Januari, na oda za sweta zenye nembo kutoka Rombo, Himo, Mwanga na Same zinagongana zote ndani ya mwezi mmoja.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ya jambo moja linalowaponza mafundi wengi na wenye kompyuta wengi. Hitilafu zikiwa kadhaa, zimejipanga moja nyuma ya nyingine, unaweza kuirekebisha moja vizuri kabisa na kioo kisibadilike. Ukurasa bado haufunguki. Unaona ulichofanya hakijasaidia, unakirudisha kilivyokuwa, unahamia kwingine. Kwa mwendo huo unaweza kuigusa kila hitilafu, ukaitibu kila moja kwa zamu yake, na bado ukaondoka kompyuta ikiwa vilevile. Kinachotakiwa ni kuuacha ukurasa kwanza, uulize safari imefika hatua gani.

Kwa nini haikutupwa

Wengi watauliza kwa nini mtu ahangaike na kompyuta ya umri huo. Programu ya kudarizi iliyokuja na mashine ni ya enzi za XP. Inatuma mchoro kwa waya unaochomekwa kwenye poti ya COM yenye pini 9, na haifunguki bila kifunguo chake maalumu kinachokaa kwenye poti ya printa, ile pana ya pini 25. Kompyuta mpakato za leo hazina poti hizo. Mashine ya kudarizi yenyewe ni nzima na inafanya kazi kila siku. Kuitupa kompyuta ni kununua programu upya, na pengine kifaa kipya cha kuunganishia, ili kupata nembo ileile.

Na kwa nini Wi-Fi, wakati flashi ipo? Mtu anayewachorea nembo yuko Arusha, kilomita kama 80 kutoka hapa. Anapokea picha ya nembo kutoka shuleni, anaigeuza kuwa faili ya DST inayoielekeza sindano ipite wapi, kisha anaituma kwa barua pepe au WhatsApp. Zamani wakati mtandao umekataa, walikuwa wanakwenda stationery, wanapakua, wanabeba kwa flashi. Kila anayetumia stationery zetu anajua kinachofuata: folda zinageuka kuwa shotikati, faili zinajificha, na XP isiyopata masasisho tena inabeba kila kirusi kinachopita. Mama mwenye karakana alikuwa ameshaumia kwa hilo na hakutaka tena kusikia habari ya flashi. Nilikubaliana naye.

Hatua ya kwanza: inaona nini?

Niliihamishia kompyuta kaunta ya dukani, karibu kabisa na ruta, ili ukuta na umbali visiingie kwenye hesabu. Kisha nikahakikisha redio ya kadi imewashwa. Kwa Latitude za zama hizo unabonyeza Fn pamoja na F2, na kwa kompyuta nyingine za wakati huo kuna swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au mbele, ambayo mtoto akiigusa tu mtandao umekwisha. Taa iliwaka. Nikafungua orodha ya mitandao.

Majina ya majirani yalijaa pale. La duka halikuwemo.

Hapo tayari jibu la fundi wa kwanza linaanguka. Kadi iliyokufa haisomi majirani. Redio inapokea, draiva (programu inayoiendesha kadi) inafanya kazi, antena zimeunganishwa. Swali linabaki moja: kwa nini mtandao huu mmoja hauonekani, wakati simu ya mama iliyoko palepale inauona vizuri?

Wakati naandika majina hayo kwenye daftari, mama akaniambia jambo ambalo naamini aliwaambia na wengine.

"Mwanangu, kuna siku umeme ulikatika usiku. Asubuhi uliporudi nikaliona jina letu humo. Nikasema imepona. Jioni ukakatika tena kidogo, kurudi, jina halipo."

"Mama, siku ile lilipoonekana, ulijaribu kuingia?"

"Niliingiza pasiwedi ikakataa. Ikaniletea maneno mengi."

Maelezo hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko kifaa chochote nilichokuja nacho. Kinachoonekana baada ya umeme kurudi na kupotea baada ya umeme kurudi tena ni kitu ambacho ruta inakichagua upya kila inapowashwa. Na ruta nyingi, zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, kila zikiwaka huchagua upya chaneli, yaani kipande cha masafa ya redio cha kutangazia.

Kadi iliyomo kwenye kompyuta hii ni Intel PRO/Wireless 2200BG. Herufi mbili za mwisho ndizo za kuangalia. Inajua viwango vya b na g peke yake, vyote vya bendi (kundi la masafa) ya GHz 2.4; bendi ya GHz 5 kwake haipo. Ruta mpya zinatoa bendi zote mbili kwa jina moja, kwa hiyo simu inaweza kuwa inatumia GHz 5 na mwenye nyumba asijue. Nilifungua ukurasa wa ruta, 192.168.1.1, kwa nywila iliyobandikwa chini yake. Bendi ya 2.4 ilikuwa imewashwa na ilikubali vifaa vya g. Huko hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mstari wa chini yake: chaneli otomatiki, na iliyochaguliwa ilikuwa namba 13.

Nchi nyingi nje ya Marekani huruhusu chaneli 1 hadi 13 kwenye bendi hii. Marekani vifaa vya nyumbani huishia 11. Kompyuta ya mama ni mtumba wa Marekani, na kadi za aina hiyo zilitoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwa nchi zilikokusudiwa kuuzwa, kifungo kimo ndani ya kadi yenyewe. Kwake masafa ya MHz 2472, ambayo ndiyo chaneli 13, hayasikilizwi. Ruta inaweza kukaa sentimita chache kutoka kwake ikatangaza jina usiku kucha, na kadi isisikie lolote. Watu wengi hapa Moshi na Arusha wanatumia kompyuta za mtumba kutoka Marekani, na nina hakika zipo nyingine zilizotupwa kwa sababu hii hii.

Programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu ilionyesha majirani wengi wako chaneli 1 na 6. Niliiweka ruta kwenye 11 na kuondoa otomatiki. Jina likatokea.

Hatua ya pili: inakubaliwa?

Niliingiza nywila sahihi. Kompyuta ikajibu kwamba nywila lazima iwe ya biti 40 au 104, yaani herufi 5 au 13. Hayo ndiyo yale "maneno mengi" ya mama.

Watu huyapita maneno haya haraka kwa sababu yanafanana na kukosea nywila. Yasome polepole. Nywila ya duka ilikuwa na herufi 10, na hakuna mtandao wa leo unaodai herufi 5 au 13 kamili. Anayedai hivyo ni WEP, ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi uliokuja mwishoni mwa miaka ya 1990 na udhaifu wake ukaanikwa mwaka 2001. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona mtandao una kufuli, haiitambui kufuli yenyewe, ikadhani ni ile ya zamani kuliko zote. Imekiri yenyewe kwamba haijui WPA2, ulinzi wa Wi-Fi uliokuja baada ya WEP na WPA.

Nikaangalia toleo la mfumo: Windows XP, Service Pack 2 (mkusanyiko wa pili wa masasisho), ya mwaka 2004. Toleo hilo linajua WPA. WPA2 ililetwa kwa sasisho la pembeni mwaka 2005, kisha ikaingizwa rasmi ndani ya Service Pack 3 iliyotoka mwaka 2008. Kompyuta hii haikuwahi kupata lolote kati ya hayo, na haikuhitaji, kwa sababu ruta ya zamani ilikuwa kwenye WPA.

Hapa kuna njia panda ambayo fundi lazima aijue kabla hajagusa kitu. Je, anayekwamisha ni programu au ni chuma? Kadi za 2200BG zinaweza WPA2 kwa AES (njia yake ya kuficha data) zikipewa draiva ya baadaye, kwa hiyo kwetu kilichokwama ni programu. Ingekuwa kadi ya kizazi cha b peke yake, iliyotengenezwa kabla ya WPA2 kuwepo, kusasisha Windows kusingebadili chochote. Kwa kompyuta ya namna hiyo njia nzuri ninayoijua ni kununua ripita yenye tundu la waya wa mtandao: ripita inaingia kwenye Wi-Fi kwa nywila ya kisasa, na kompyuta inachomekwa kwenye ripita kwa waya. Kompyuta haitajua kabisa kwamba kuna Wi-Fi. Watu hukimbilia kadi za USB, lakini nyingi zinazouzwa sasa hazina draiva ya XP, na utaligundua hilo umeshalipa.

Kusasisha kompyuta inayolisha karakana nzima mwezi Desemba si jambo la kufanya kwa haraka. Nilichomoa diski kwanza, ni diski yenye kiunganishi cha IDE cha zama zile, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa adapta ya USB na kuinakili nzima kama ilivyo. Chochote kikiharibika, tunarudi pale tulipotoka. Faili ya Service Pack 3, inayojulikana pia kwa namba KB936929, ni ya karibu MB 316. Niliipakua kwenye kompyuta nyingine kutoka katalogi ya masasisho ya Microsoft. Nasisitiza hapo. XP iliachwa rasmi tarehe 8 Aprili 2014, na tangu hapo tovuti za kila namna zinagawa faili za XP zilizochanganywa na uchafu.

Ilipomaliza kuwaka upya sikufungua Wi-Fi. Nilimwomba mama adarizi kwanza. Akachukua kipande cha kitambaa, akaita nembo ya zamani, sindano ikashuka na kwenda vizuri hadi mwisho. Ndipo nikaendelea na draiva ya kadi.

Bado ikakataa, safari hii kwa namna nyingine: inajaribu kuingia, inazunguka, inaacha. Hayo ni maendeleo, ingawa kwa anayengoja ukurasa hakuna kilichobadilika. Ruta ilikuwa kwenye ulinzi wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na draiva za miaka kumi kabla yake hukutana na tangazo la mchanganyiko huo zikashindwa kulielewa, hata kama upande wa WPA2 umo ndani yake. Badala ya kuushusha ulinzi wa duka zima nilitengeneza jina la pili kwenye ruta ileile, bendi ya 2.4 peke yake, WPA2 kwa AES, nywila ndefu ya herufi na tarakimu zisizo na alama za ajabu. Jina la kwanza likabaki kama lilivyo kwa simu na kompyuta ya binti.

Kompyuta ikaingia.

Kuhusu ule ushauri wa kuondoa nywila, siwezi kuupita hivi hivi. Jengo lile lina maduka mengi, na chini yake watu wanapita kutwa. Mtandao usio na nywila maana yake kila mpita njia yuko ndani pamoja na simu ya mama anayopokelea malipo, pamoja na kompyuta ya binti yenye hesabu za wateja, pamoja na XP isiyo na kinga. Kifaa dhaifu kikishindwa kupanda, hakipandishwi kwa kuwashusha wote. Kinatengewa mahali pake.

Hatua ya tatu: ina anwani gani?

Sasa kioo kilisema imeunganishwa, mistari ya nguvu imejaa, na hakuna kinachopita. Nilifungua dirisha jeusi la amri na kuandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani za kompyuta. Anwani ya kompyuta ilikuwa 192.168.0.50, na lango lake, yaani ruta ya kuipitisha kwenda nje, 192.168.0.1. Ruta ya duka ni 192.168.1.1. Mtu fulani miaka ya nyuma aliiandikia kompyuta anwani kwa mkono kufuatana na ruta ya wakati huo, na kompyuta ikaendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kuhamwa. Niliiweka ipokee anwani yenyewe, nikaandika ping 192.168.1.1 kuuliza kama ruta inaitika, majibu yakaja.

Ukiandika ipconfig ukakuta anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni habari tofauti kabisa. Kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikajipa yake. Hapo rudi nyuma: ama nywila si sahihi, ama ruta haigawi anwani, ama nafasi za kugawa zimejaa. Kwetu haikuwa hivyo, ila kutofautisha hali hizi mbili kunaokoa muda mwingi.

Baada ya hatua hii picha nzima ilikuwa wazi. Siku ruta ilipobadilishwa, mambo matatu yalibadilika kwa mpigo: chaneli ilihama kwenda isikosikika, ulinzi ulihama kutoka WPA kwenda wa kisasa zaidi, na anwani zilihama kutoka familia moja kwenda nyingine. Tukio moja, vizuizi vitatu, kila kimoja kimejificha nyuma ya mwenzake. Binti ndiye aliyenithibitishia jinsi fundi wa pili alivyokwama.

"Kaka, yule wa pili aliweka chaneli 6, nakumbuka. Jina likaonekana. Pasiwedi ikakataa, akasema chaneli siyo tatizo, akarudisha otomatiki."

Alikuwa ameshapata theluthi ya jibu mkononi. Aliipima kwa ukurasa kufunguka, ikaonekana haina maana, akaitupa. Angejiuliza tu kama kompyuta imesogea hatua moja mbele kuliko ilipokuwa, asingeirudisha.

Hatua ya nne, na uamuzi

Ping kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google kwenye intaneti, ilijibu. Ping kwa jina la tovuti ilijibu. Kwa lugha ya mtandao kazi ilikuwa imekwisha: redio inaona, ruta imekubali, anwani ipo, njia ya nje ipo, majina yanatafsiriwa. Tovuti bado zilikataa kufunguka, kivinjari kikilalamikia vyeti vya usalama.

Saa ya kompyuta ilikuwa imerudi mwaka 2005, betri ndogo inayoitunza imekufa. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini iko mwaka 2005 inaona vyeti vyote vya leo havijaanza kutumika. Betri ilibadilishwa, tarehe ikawekwa. Malalamiko yakapungua, kurasa zikaendelea kukataa. Sababu ya pili ni nzito zaidi: tovuti sasa zinadai TLS 1.2, toleo la ulinzi wa mawasiliano na tovuti, na Internet Explorer ya XP, hata toleo la 8, inaishia TLS 1.0, ambayo vivinjari vikubwa viliiacha mwaka 2020. Firefox ya mwisho inayokubali XP ni 52 ESR, nayo iliacha kupewa masasisho mwaka 2018. Ningeweza kuiweka, na baadhi ya kurasa zingefunguka.

Sikuiweka. Nilikaa na mama na binti yake tukaongea wanachohitaji hasa. Mama hasomi habari kwenye kompyuta ile, hafungui WhatsApp humo, hana barua pepe humo. Anachohitaji ni faili ndogo ya nembo itoke Arusha ifike kwenye programu ya kudarizi. Faili ile tayari inafika kwenye kompyuta ya binti, dukani. Umbali uliobaki ni wa kutoka dukani hadi karakana ya nyuma. Kwa hilo inahitajika Wi-Fi, intaneti haihitajiki kabisa.

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia SMB1, njia ya kale ya Windows ya kugawana faili, na hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa XP iliyokwisha kuachwa. Hakuna anayeahidi kiraka kingine. Kuiweka mashine hiyo wazi kwa intaneti, wakati riziki ya karakana inaitegemea, kwangu ni hatari isiyo na faida.

Tatizo ni kwamba ruta nyingi zimefikiria kinyume. Mtandao wa wageni unampa kifaa intaneti na kumzuia asiwaone wenzake wa ndani. Sisi tulitaka awaone wenzake na asitoke nje. Kwa hiyo lile jina la pili nililitengeneza kama mtandao wa kawaida usiotenga vifaa, kisha nikairudisha kompyuta ya kudarizi kwenye anwani ya mkono, safari hii ya familia sahihi, 192.168.1.200, nje ya zile ambazo ruta inagawa, na nikaacha sehemu ya lango na ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti) tupu. Kompyuta isiyo na lango inazungumza na waliomo ndani ya familia yake peke yao. Juu ya hapo nikaizuia kwenye ruta isitoke, ili mtu akija siku moja kujaza lango kwa nia njema, ruta nayo isimame.

Kupitisha faili kulihitaji fikra kidogo. XP inajua SMB1 peke yake, na Windows 10 tangu toleo la mwaka 2017 haiiweki SMB1 yenyewe. Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanakwambia uiwashe kwenye kompyuta mpya. Usifanye hivyo, ni kufungua mlango uleule ambao WannaCry ilipitia, tena kwenye kompyuta yenye hesabu zako. Kwenye kompyuta ya binti tuliweka programu ndogo inayogawa folda moja kwa http ya kawaida, ndani ya mtandao wa duka tu, na ruta ikaelekezwa impe binti anwani ileile siku zote. Mama anafungua Internet Explorer yake ya zamani, ukurasa wa kwanza ni anwani ile, anaiona orodha ya nembo, anabofya, anahifadhi. Hakuna cheti, hakuna TLS, hakuna flashi. Faili za DST ni ndogo kiasi kwamba Mbps 54 za kadi ile ni nyingi mno kwake.

Nembo ya kwanza kupita njia hiyo ilikuwa ya shule moja ya Rombo. Ilitoka Arusha, ikaingia kwa binti, ikashuka kwa mama, na sweta ya mfano ikadariziwa jioni hiyo.

Mengine madogo

Kompyuta iliporudishwa karakana ilikuwa inapoteza mtandao ikikaa bila kuguswa. Mlango wa kati ni wa bati, na ruta ilikuwa imewekwa chini, nyuma ya rafu za chuma. Tuliipandisha juu ya rafu, upande wa dirisha. Kwenye mipangilio ya kadi nikaondoa usimamizi wa umeme na kuiweka kwenye nguvu kamili wakati wote, maana kadi hizi zikiruhusiwa kusinzia hazirudi vizuri kwa ruta za sasa. Haikupotea tena. Waya ungekuwa bora kuliko yote, kompyuta ina tundu lake zima, lakini mwenye jengo hakukubali ukuta utobolewe.

Kompyuta ya umri huu ikiwa ni ya kuandikia barua na kusoma kurasa, bila programu iliyofungwa kwa XP, ushauri wangu ni tofauti. Ondoa XP uweke Debian 12 ya biti 32, mfumo wa bure wa Linux, ambayo inaitambua kadi ya 2200BG na kuleta kivinjari cha siku hizi. Itakuwa nzito kwenye kurasa kubwa, lakini WPA2 na TLS 1.2 hazitakuwa tatizo.

Kilichobaki kwa mama si cha mtandao. Nakala ya diski iko nyumbani kwake, na diski yenyewe inaweza kubadilishwa siku yoyote kwa kadi ya kumbukumbu yenye adapta ya IDE. Kisichonakilika ni kile kifunguo cha programu kwenye poti ya printa. Kikifa, nakala zote hazitafungua programu. Nimemshauri amtafute muuzaji wa mashine mapema, oda za Januari zikipungua, aulize kama kifunguo cha pili bado kinapatikana, na binti ameshaanza kuandikiana nao.